Kurudi ukakuta mnada

Serikali ilipofunga shughuli za uvuvi Ziwa Tanganyika, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 mwaka 2024, mimi nilikuwa na magunia tisa ya dagaa stoo, babu yangu mzaa mama ndani ya nyumba, na kitabu kimoja cha Kiingereza nilichokuwa nakitumia kuzuia dirisha lisijibamize. Magunia nitayasema baadaye, bado yananiuma. Kitabu nilipewa na rafiki yangu anayefanya usafi kwenye nyumba ya wageni hapa Kigoma mjini. Mgeni mmoja aliyekuwa akienda Gombe kuangalia sokwe alikiacha chini ya kitanda. Rafiki yangu akangoja wiki mbili kama atarudi kukidai, hakurudi, akaniletea mimi, kisa "wewe ndiye ulikuwa unapenda Kiingereza shuleni". Shule yenyewe niliimaliza mwaka 2001. Leo ukimuuliza mtu yeyote wa mwalo wa Kibirizi mimi napenda nini, atakwambia napenda kulipwa taslimu.

Kitabu ni The Hobbit cha J.R.R. Tolkien, kilichotoka Uingereza mwaka 1937. Jalada limeshikwa na selotepu, na mwenyewe wa kwanza alikuwa akipigia mistari ya penseli pale palipompendeza. Mistari inakwenda vizuri mpaka sura ya nane, wasafiri wanapoingia kwenye ule msitu wa giza, halafu inakoma. Kuanzia hapo kurasa ni safi kabisa. Siku nilipopita mstari wa mwisho wa penseli nilivimba kichwa, siwezi kuficha. Nilikuwa nimempita mzungu kwenye lugha yake mwenyewe.

Mwanzoni nilisoma kimyakimya barazani, kamusi ya TUKI pajani, kurasa tatu kwa jioni. Babu akaniuliza nanung'unika nini. Nikamwambia nasoma habari za mtu mfupi, miguu ina manyoya, anaitwa Bilbo, hapendi kutoka kwake na anapenda kula mara nyingi kwa siku. Sasa siku moja mzee mwenye fimbo amemletea wageni kumi na watatu, wamemaliza chakula chote cha stoo, halafu wanamwambia afuatane nao hadi mlima wa mbali kurudisha dhahabu ya mababu zao, ambayo imelaliwa na joka.

Babu akafikiri. "Wageni kumi na watatu, na hakuna aliyeshika hata mkungu wa ndizi?"

"Hakuna, babu."

"Haya, endelea."

Tangu siku hiyo sikusoma tena peke yangu. Wanangu wawili wakasogea, na wa jirani, na kufikia Juni baraza langu pale Mwanga lilikuwa na mikeka mitatu kila jioni. Mwalo ulikuwa kimya, hakuna boti ya kungoja, hakuna taa hata moja ziwani usiku. Watu walikuwa na muda mwingi kuliko pesa.

Kutafsiri papo kwa papo mbele ya watu ni kazi ambayo simwombei adui. Vitenzi vinakuja vyenyewe. Kinachokwamisha ni viumbe. Wale kumi na watatu, wafupi wenye ndevu ndefu wanaochimba madini chini ya milima, kamusi ilinipa "mbilikimo". Babu akakataa palepale. Mbilikimo, alisema, ni watu, wana kwao huko misitu ya Kongo, yeye amewahi kubeba mizigo bandarini na mmoja wao, hakuwa na ndevu wala habari ya dhahabu, na usiwaingize watoto wa watu kwenye mambo ya mazimwi. Tukapatana tuwaite "wachimbaji". Na kwetu hapa neno hilo lina uzito wake, maana karibu kila familia ina kijana aliyekwenda kuchimba mahali akarudi hana hata simu.

Mazimwi yalikuwa rahisi. Yale matatu yanayochoma nyama ya kondoo porini, yakigombana jinsi ya kuwapika wachimbaji mpaka jua likawakuta na kuwageuza mawe, sikuhangaika kuyaeleza. Zimwi ni zimwi. Joka nalo lugha inalo, ila ilibidi niliongezee mabawa. Aliyenitesa ni Gandalf, yule mzee mwenye fimbo. Kwenye kamusi ni "mchawi", na nilipolitamka, mwanangu wa mwisho, ana miaka saba, akahama mkeka akaenda kukaa miguuni kwa babu. Mchawi gani huyo anapita asubuhi mlangoni, akaambiwa karibu chai? Nikajaribu "mganga". Babu akauliza anatibu nini. Nikakosa jibu. Akabaki "mzee wa fimbo", na mimi naona jina hilo limemkaa kuliko lake la kwenye kitabu, maana kazi yake kubwa ni ile ya wazee wetu: anakutia kwenye safari, anakupa maneno mawili matatu, halafu mnapofika ukingoni mwa msitu mbaya kuliko yote anaaga kwamba ana shughuli zake kusini.

Hobiti alibaki hobiti. Baada ya wiki mbili hakuna aliyekumbuka kwamba si neno la Kiswahili.

Lakini kuna sura moja haikuhitaji kamusi. Bilbo amepotea gizani ndani ya mlima, ameokota pete bila kujua ni pete gani, na ametokea kwenye ziwa la chini ya ardhi ambako anaishi kiumbe mwembamba, macho kama taa, anaitwa Gollum, anapiga makasia kwa miguu na kula samaki vipofu. Mtoto wa jirani akauliza kama huyo naye amefungiwa uvuvi. Akajibiwa na mwenzake kwamba askari wa doria hawafiki huko. Basi Gollum anataka kumla Bilbo, lakini kwanza wanashindana. Kwa kitu gani? Kwa vitendawili! Bilbo akishinda anaonyeshwa njia ya kutoka, akishindwa analiwa.

Nilifunga kitabu, nikaweka kidole katikati, nikasema, "Kitendawili!"

"Tega!" Baraza zima. Hata babu.

Mtego wa yai sikumaliza hata kuusoma. Kwenye kitabu ni sanduku lisilo na bawaba wala ufunguo wala kifuniko, na ndani mna hazina ya dhahabu. Mimi nikaufupisha: nyumba yangu haina mlango. "Yai!" Tangu darasa la pili wanaujua. Nilikaa kidogo nikiutazama ule ukurasa. Profesa wa Oxford na bibi yangu wa Kasulu walikuwa wameshika yai moja.

Kisha ukaja wa samaki. Kiko hai na hakivuti pumzi, kina baridi kama maiti, hakina kiu na kila saa kinakunywa. Bilbo anahangaika, jasho linamtoka, anakaribia kuliwa, na anaokoka tu kwa sababu samaki mwenyewe anaruka kutoka majini na kumwangukia miguuni. Watoto wa Kigoma walimcheka mpaka wakalala kwenye mkeka. Mtu mzima hajui samaki! Binti yangu akasema huyo hobiti angekuja Kibirizi angekufa siku ya kwanza. Wa muda nao aliupata kwa bahati: alitaka kupiga kelele aongezewe muda, mdomo ukatoa neno moja tu, "Muda!", na ndilo jibu. Huo kwa Kiswahili ulitoka sawasawa bila kubadilisha kitu, nikamshukuru Mungu.

Mgogoro ukawa kwenye mtego wa mwisho. Bilbo ameishiwa, anapapasa mfuko, anajiuliza kwa sauti, "Nina nini mfukoni?" Gollum anadhani ndicho kitendawili, anapewa nafasi tatu, anakosa. Babu alisimama. Kwa miaka yake themanini na tano huwa hasimami bila sababu. Akasema hicho si kitendawili, hicho ni kuulizana mambo ya mfukoni, na kwamba anayeshindwa kwa haki huulizwa mji, anampa mwenzake mji, mchezo unaendelea, hakuna anayeliwa. Nikamwambia hata mwandishi mwenyewe anakiri kwamba kwa sheria za zamani za mchezo huo swali lile lina utata. "Basi," akasema, "alijua." Watoto wakaanza kumgawia Gollum miji. Uvinza. Kasulu. Ujiji. Akaondoka jioni ile na Kigoma nzima, na bado nawaza kwamba angepewa kweli mji mmoja, hata mdogo, asingekuwa na haja ya kulilia pete.

Kuna mambo yalipita haraka. Vita vya mwisho, vya majeshi matano, sikuvifaidi. Hata Bilbo mwenyewe anapigwa jiwe la kichwa anazimia, anaamka vimeisha. Mapipa yaliwafurahisha watoto, wachimbaji wakifungiwa humo na majani makavu ili wasigonge, wakaelea na mto mpaka mji uliojengwa juu ya nguzo ziwani. Mimi nafunga mzigo kila siku na naweza kusema Bilbo alifunga vizuri, kosa lake ni kwamba hakubakisha wa kumfunga yeye, akasafiri amekalia pipa kama ngedere kwenye gogo. Alishikwa na mafua kiasi kwamba kwenye karamu alizofanyiwa aliweza tu kushukuru kwa pua. Wiki nzima nyumba yangu kila aliyepewa sahani alisema "asade sada".

Na binti yangu, kumi na mbili, aliuliza swali ambalo nilikuwa nalikwepa. Wanawake wako wapi? Nikapekua. Ametajwa mama yake Bilbo mwanzoni, kisha kurasa na kurasa za wanaume na ndevu. "Wamebaki sokoni," nikamwambia. "Unadhani nani alikuwa anawalisha?" Hakuridhika, na sijui kwa nini angeridhika.

Herufi za mwezi, hizo nilizipenda mimi. Kuna ramani ya mlima, na juu yake maandishi ambayo huwezi kuyaona ila mwezi ung'ae nyuma ya karatasi, tena uwe mwezi wa umbo lilelile na msimu uleule wa usiku yalipoandikwa. Mtu wa mjini atasema ni mambo ya hadithi. Mimi ndiyo kalenda yangu. Dagaa wanavuliwa kwenye giza, taa ndizo zinazowavuta. Mbalamwezi ikitoka wavuvi wanapumzika na mimi nafunga hesabu. Nikiona mwezi mwembamba najua mkopo gani unalipika na upi haulipiki. Kila mtu ana maandishi yake yanayosomeka kwa mwezi fulani tu.

Babu alitaka kujua huyo mwandishi alikuwa mtu wa wapi. Nikatafuta kwenye simu. Tolkien alizaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, Januari 3 mwaka 1892. Alipokuwa anaanza kutembea aliumwa na buibui mkubwa bustanini, na mimi niliyekuwa nimetoka kwenye ule msitu wa buibui wakubwa nilicheka peke yangu. Akiwa na miaka mitatu mama yake alimchukua yeye na mdogo wake kwenda Uingereza kusalimia. Baba yao alibaki na kazi, awafuate baadaye. Mwaka 1896, kabla hajawafuata, akafariki hukohuko Bloemfontein.

"Akazikwa huku," babu akasema.

"Ndiyo, babu."

"Na wao walikuwa wanamngoja."

Nikaendelea kusoma ya kuchekesha: jinsi profesa huyo, akisahihisha mitihani, alivyokuta mwanafunzi ameacha ukurasa mtupu, akaandika hapo sentensi ya kwanza kuhusu hobiti anayeishi shimoni bila kujua hobiti ni nini. Jinsi mchapishaji alivyompa mwanawe wa miaka kumi asome muswada na kumlipa shilingi moja kwa maoni yake. Watoto wakapiga kelele kwamba wao wamesikiliza mwezi mzima bila hata mia. Babu hakucheka. Alikuwa bado kwenye lile kaburi la Bloemfontein, nami sikujua.

Sasa magunia.

Ziwa likifungwa dagaa wanapanda bei, hilo kila mtu analijua, ndiyo maana nilikuwa nimeyaweka tisa. Mwezi Juni mnunuzi wa Tabora akanipigia na bei nzuri, bei ambayo Aprili ningeipokea kwa magoti. Nikamwambia angoje. Alipopiga tena nikasema zimebaki mbili tu, uongo mtupu, nikitaka apandishe. Usiku nikaanza kuhamisha mkeka wangu mlangoni mwa stoo kwa kuogopa wezi. Siku hizohizo kitabuni tulikuwa tumefika kwa joka, Smaug, aliyelalia milima ya dhahabu asiyoweza kuila wala kuivaa wala kuiuza. Bilbo anaingia kinyemela, anaiba kikombe kimoja. Joka linaamka, linajua palepale kikombe kimepungua, na hasira yake inatetemesha mlima. Mwandishi anasema hasira ya namna hiyo wanayo matajiri wanapopoteza kitu ambacho wamekuwa nacho miaka na hawajawahi kukihitaji.

Nilisoma hayo kwa sauti, nikatafsiri vizuri tu, sikuhisi lolote. Mwanangu wa miaka saba ndiye aliyeuliza, bila ubaya, "Mama, na wewe unalalia dagaa?"

Jirani zangu wana adabu. Walitazama ziwani.

Ningependa kuandika kwamba asubuhi yake nilimpigia mtu wa Tabora. Sikumpigia. Nilikasirika kwa siku mbili, nikaona mtoto amefundishwa na mtu. Ndipo katikati ya Julai nikahamisha gunia la chini na mkono ukatoka na unga. Wadudu. Magunia matano yalikuwa yameliwa kutoka ndani, ukiyagusa kwa nje mazima, ukiyainua mepesi kama pamba. Nikayauza kwa watu wa chakula cha kuku, kwa bei ambayo siitaji. Manne yaliyobaki mtu wa Tabora aliyachukua kwa bei yake, na aliniuliza kwa upole sana, "Dada, si ulisema zimebaki mbili?"

Kwenye kitabu yupo mkuu wa ule mji wa ziwani, amepewa dhahabu ya kuwasaidia waliounguliwa nyumba, akashikwa na ugonjwa uleule wa joka, akakimbia nayo nyikani, wenzake wakamtoroka akafa njaa amekumbatia mali. Na yupo mkuu wa wachimbaji, Thorin, mtu wa heshima, aliyekuwa tayari kumtupa Bilbo kutoka ukutani kwa ajili ya jiwe moja, akaja kumwomba radhi akiwa anakata roho. Sikuwasoma hao kwa sauti kubwa.

Tukafika sura ya mwisho, ya 19, usiku wa Agosti 13. Nje watu walikuwa wameanza kuziba mitumbwi na kuangalia nyavu, harufu ya lami ilifika mpaka kwangu. Dhahabu imegawanywa, Bilbo amekubali masanduku mawili madogo tu, amesafiri kurudi polepole. Kitabu kina jina la pili, maana yake ni kwenda huko na kurudi tena, na watoto walikuwa wanangoja hiyo "tena": atapokewa vipi, nani atapiga vigelegele.

Anakuta mnada.

Mlango wake uko wazi, watu wanaingia na kutoka bila kufuta miguu. Dalali ananadi vitu vyake kimoja kimoja, kwa sababu ametoweka zaidi ya mwaka na imeamuliwa kwamba amekufa. Binamu zake wamo vyumbani wanapima, waone kama samani zao zitatosha. Bilbo anapita katikati ya watu wa kwao akiwaeleza kwamba yeye ni yeye. Inambidi anunue vitu vyake mwenyewe kuwanyamazisha walionunua. Vijiko vyake vingi vya fedha havikuonekana tena. Yeye mwenyewe aliwashuku binamu, na binamu nao hawakukubali kamwe kwamba aliyerudi ndiye Bilbo halisi.

Watoto walisikitika kwa sauti. Mmoja akasema ni hadithi tu, kwao mtu hawezi kufanyiwa hivyo. Babu akasema:

"Hapo tu ndipo pa kweli. Kwingine kote alikuwa anatudanganya vizuri, lakini hapo alikuwepo."

Kwamba babu alikuwa manamba Tanga, kibarua wa mashamba ya mkonge, tulijua. Ni kitu kilichosemwa nyumbani kama unavyosema mtu ni mrefu. Wazee wengi wa Buha walikwenda mkongeni. Alichotusimulia usiku ule sikuwahi kukisikia, wala mama yangu marehemu sidhani alikisikia.

Aliondoka mwaka 1957, kijana, na blanketi moja. Treni mpaka Morogoro, lori mpaka Korogwe. Akapewa namba, akapewa kipande, kadi ya siku thelathini za kazi, na siku usiyomaliza kazi yako haiandikwi, kwa hiyo siku thelathini zinaweza kuwa miezi miwili. Hakujua kuandika. Salamu alituma kwa mdomo, kwa waliokuwa wanarudi. Mwaka wa tatu mtu wa kijiji jirani, jina lao moja, akafa kambini kwa homa. Habari zikafika nyumbani zikiwa zimebeba jina tu.

"Kama wangetaja namba," babu akasema, "ningekuwa hai."

Wakaanua matanga. Alirudi mwisho wa mwaka 1964. Aliondoka nchi inaitwa Tanganyika, akarudi inaitwa Tanzania, na kwao alikuwa maiti wa miaka minne. Watoto walimkimbia njiani. Mama yake hakulia wala kumkumbatia. Alisonga ugali wa muhogo, akauweka mbele yake, akamkodolea macho shingoni aone kama koo linapanda na kushuka, maana mzuka haumezi. Alipomeza tonge la tatu ndipo mama akaanguka.

"Na vitu vyako, babu?" binti yangu akauliza.

"Hao wa kitabuni walipima kwa kamba," akasema. "Wangu walipima kwa migomba." Mdogo wake alikuwa amepanda migomba mpaka mlangoni pa nyumba yake, na migomba ilikuwa imekwisha kuzaa. Utang'oa mgomba wenye mkungu? Shamba akaliacha. Mbuzi hakuwauliza. Kitu kimoja alikidai, kigoda cha miguu mitatu, cha mninga, ambacho baba yao alimchongea kabla hajafa. Mdogo wake akasema hakijui. Na kila babu alipokwenda kumsalimia, miaka nenda rudi, alikiona jikoni, kimekaliwa.

"Hukukisema tena?"

"Ningekisema vipi? Siku ile ile alichinja jogoo kwa ajili yangu."

Hapo ndipo nilipofunga kitabu. Zilikuwa zimebaki aya chache, Bilbo mzee anaandika kumbukumbu zake na kutembelewa na mzee wa fimbo. Nilizisoma peke yangu baadaye, ni nzuri, lakini baraza lilikuwa limekwisha kupata mwisho wake. Agosti 15 ziwa likafunguliwa, usiku taa zikarudi majini, na asubuhi yake sikuwa na muda hata wa kunywa chai.

Oktoba kulikuwa na harusi Kasulu, mjukuu wa yule mdogo wake babu. Mdogo mwenyewe amekwisha fariki siku nyingi. Tulipanda gari asubuhi, tukapita Mwandiga babu akiwa kimya, amevaa koti lake. Tulipokelewa kwa heshima zote, shikamoo kutoka kila kona, na babu akaletewa kiti cha plastiki kipya, bado kina karatasi mgongoni. Hakukaa. Alikuwa anatazama jikoni. Shangazi mmoja alikuwa amekalia kitu kidogo cheusi kwa masizi, anamenya ndizi.

"Nipe hicho, mwanangu," babu akasema. "Miguu yangu inapenda chini."

Shangazi akainuka, akakifuta kwa khanga, akamwekea. Babu akashuka taratibu, mkono mmoja begani kwangu, magoti yakapanda karibu na kidevu. Alikaa hapo shughuli nzima. Alikula hapo, akasalimia watu hapo, picha ya familia waliipiga yeye akiwa chini kabisa, kofia tu inaonekana. Mara mbili nilimwona akipeleka mkono nyuma, anapapasa mguu mmoja wa kigoda kama anatafuta alama.

Jioni tulimwinua watu wawili. Shangazi akasema, "Babu, si uchukue tu kama umekipenda? Sisi tuna vingine."

Babu akakitazama.

"Hapana, mama. Nilidhani ni kirefu zaidi."

Kwenye gari alilala njia nzima.